Kupitisha mpango wa matumizi ya ardhi kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Kwa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 zinaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Kauli ya kuukubali ni ya mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Wataalamu wa wilaya wanasaidia tu. Wakianza kuamua wao, mpango utabaki kabatini.

Rasimu ipite kwanza vitongojini. Bandika ramani kubwa, iandikwe majina ambayo wenyeji wanayatumia: korongo, kisima, mbuyu wa njia panda. Kisha uliza maswali ya maisha ya kila siku. Kiangazi ng'ombe wananywa wapi? Kuni zinatoka wapi? Ramani inaweza kuonyesha malisho upande huu na lambo upande ule, katikati mashamba tu, bila njia ya mifugo. Ofisini kosa hilo halionekani, lakini mchungaji ataliona papo hapo.

Viongozi wa vijiji jirani waitwe mapema waukague mpaka pamoja nanyi. Mpaka wenye mgogoro hauwezi kumalizwa kwa kura za upande mmoja, usuluhishwe kwanza.

Tangazo libandikwe mapema, tena litangazwe kwa mdomo kila kitongoji, likitaja wazi kwamba ajenda ni mpango wa ardhi. Epuka siku ya mnada, msimu wa kupanda, na miezi ambayo wafugaji wamehama na mifugo. Mkutano uliofanyika wakati wafugaji hawapo ndio chanzo cha ugomvi mwingi wa baadaye, hata kama akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa, ilitimia.

Siku yenyewe, usisome mpango wote ukaomba watu wanyooshe mikono mara moja. Pitia eneo moja moja: mahali lilipo, ukubwa kwa hekta, kinachoruhusiwa na kinachokatazwa, kisha uamuzi. Tenganisha ardhi ya jumuiya, ya watu binafsi na familia, na ya akiba. Ardhi ya jumuiya ikishapitishwa haigawiwi mtu, kwa hiyo ijadiliwe kwa kina kuliko zote. Wanaolima ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, eneo linalolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, wafuatwe majumbani kabla, wasije wakasikia habari hiyo mbele ya umati. Wanawake wapewe nafasi ya kuzungumza mapema, kabla ya wazee kufunga hoja.

Muhtasari ndio kinga yenu. Uwe na tarehe, mahudhurio yenye jina, kitongoji na sahihi, maamuzi ya kila eneo, na hoja za waliopinga pamoja na majibu yake. Orodha ya posho isigeuzwe mahudhurio. Watu watadai, tena kwa haki, kwamba walisaini fedha wala si mpango.

Sheria ndogo zijadiliwe pamoja na ramani, kwani bila hizo hakuna wa kumtoza faini anayevamia malisho. Nazo zinahitaji idhini ya halmashauri ya wilaya kabla ya kutumika. Wilaya ikirekebisha mpaka wa eneo lolote, mtendaji wa kijiji arudishe badiliko hilo mkutanoni kabla ya bango la kwanza la kuonyesha eneo kusimikwa.