Wanaoanza urubani Arusha, chukueni masomo ya asubuhi

Kwa mnaoanza kujifunza kurusha ndege huku Arusha, ombeni muda wa asubuhi, saa moja moja hivi, msikubali kupangiwa saa nane mchana. Uwanja wa ndege wa hapa, wa Kisongo, uko juu, futi kama 4,500 toka usawa wa bahari, hewa tayari ni nyepesi, sasa jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, injini inapungua nguvu, mabawa hayabebi vizuri na ndege inakula ranwei ndefu kabla haijanyanyuka, halafu joto linalopanda toka ardhini linawarusharusha huko juu, mwanafunzi mgeni hapo hajifunzi kitu kwakweli anapambana tu. Ila Juni mpaka Agosti mpango huu wa asubuhi unagoma mara nyingi, mawingu yanakaa chini asubuhi, Meru yenyewe huioni, subirini yafunguke kwanza.