Mwanamke anayetaka uenyekiti wa mtaa Dar: kazi ya kabla ya kampeni

Ukionyesha nia, utaambiwa ugombee ujumbe wa kamati ya mtaa, kundi la wanawake. Si nafasi mbaya, ila barua ya utambulisho ambayo mkazi anaipeleka benki, au polisi kumdhamini ndugu yake, inapitia kwa mwenyekiti. Lenga hapo. Uchaguzi uliopita ulikuwa Novemba 27, 2024, na hufanyika kila miaka mitano, hivyo anayetaka wa 2029 aanze sasa.

Anza na chama, maana sheria yetu haimtambui mgombea binafsi. Chukua kadi mapema, hudhuria vikao vya tawi, ujue hasa nani wanapiga kura za maoni, yaani za kumchagua mgombea ndani ya chama. Wanawake wengi hodari wa Tandale na Mbagala wanakwama hapa: sokoni na kwenye vikoba wanajulikana, tawini hawajulikani. Mtu akikutaka kimapenzi ili akupitishe, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute meseji zake. Piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, namba 113, ni bure.

Halafu orodha ya wapiga kura. Kadi ya kumpigia kura rais haikuingizi kwenye orodha ya mtaa. Ni daftari jingine kabisa. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku 10 tu, Oktoba 11 hadi 20. Wanakikoba wenzako wasipojiandikisha, hata wakupende vipi hawana kura ya kukupa. Wafuate mlango kwa mlango, hasa wapangaji waliohamia karibuni.

Fomu ndiyo ya kuogopa kuliko yote, kwani mwaka 2019 na 2024 wengi walienguliwa kwa makosa ya ujazaji. Jina lifanane herufi kwa herufi kwenye fomu, orodha na barua ya chama: ukijiandikisha Mwanaidi, usijaze Mwanahidi. Kazi itaje waziwazi, mfano muuza samaki Feri, kwa sababu mgombea lazima awe na shughuli halali ya kumwingizia kipato. Toa kopi ya kila ukurasa kabla ya kurudisha, na omba sahihi ya aliyepokea. Ukiwekewa pingamizi au ukienguliwa, muda wa kujibu na kukata rufaa ni siku chache mno; mtu wa kukuandikia awe tayari tangu siku ya kurudisha fomu.

Siku ya kura weka wakala kila kituo, na chakula chake, asitoke hadi matokeo yabandikwe.