Somo: Kumhudumia mteja wa nje bila kujichongea kwa mamlaka ya mapato, KRA (mawakili wa Kenya)

"Mteja wangu yuko London, namtoza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) au simtozi?" Nimelijibu swali hili hadi vidole vimechoka. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

1. Uza sheria ya Kenya. Benki ya nje inayokopesha kampuni ya hapa inataka maoni yako, na mwekezaji anataka kampuni ichunguzwe kabla hajainunua. Sheria ya Uingereza waachie wenyewe.

2. Jua mipaka ya nchi ya mteja. Kule Uingereza na Wales, Sheria ya Huduma za Kisheria ya 2007 imewatengea wenye leseni kazi sita tu, zikiwemo kusimama mahakamani na kuendesha kesi. Kumshauri mtu kuhusu sheria ya Kenya hakumo. Ila ushauri wa uhamiaji wa Uingereza bila kusajiliwa ni jinai, hata ukimsaidia binamu wa mteja "fomu moja tu".

3. Mtambue mteja: pasipoti, chanzo cha fedha, wamiliki halisi (kwa kampuni ya Kenya, wenye kuanzia 10% ya hisa).

4. VAT. Taratibu hapa. Tangu Julai 2023 huduma zinazouzwa nje zinatozwa kiwango sifuri. Lakini sheria haiulizi mteja anaishi wapi wala analipa kwa sarafu gani. Inauliza huduma inatumika wapi. Maoni kwa benki ya London inayoamua kama itakopesha yanatumika London: sifuri. Kumnunulia Mkenya wa Doha shamba la Kitengela? Shamba liko hapa, hati iko hapa, weka 16%. Ukikosea kwenye ankara ya dola 5,000, zile 800 zitatoka mfukoni mwako, pamoja na riba na adhabu, maana mteja alishafunga faili zamani.

Tahadhari: usiandike "Huduma za kisheria" ukaishia hapo. Andika "Maoni kuhusu uwezo wa kampuni X kukopa, kwa matumizi ya benki Y, London". Kama dili hilohilo lina kusajili rehani Ardhi House, itenge kwenye mstari wake, na 16% yake. Weka pamoja mkataba, ankara na uthibitisho wa malipo kutoka benki.

5. Ankara ipite eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mwambie mteja atume fedha kwa chaguo la OUR (mtumaji analipa gharama zote za benki), la sivyo benki za njiani zitamega na utapokea pungufu.

MASWALI

Msomi wa Kisumu: Analipa kwa dola, si hiyo tayari ni sifuri?
– Hatua ya 4, sentensi ya tatu.

Msomi wa Kisumu: Nilisoma harakaharaka.
– KRA hawasomi harakaharaka.

Dada Wakili: Mteja wa Kampala amekata 15% kabla ya kulipa. Nimedhulumiwa?
– Hapana, dada. Uganda hukata 15% ya ada za mtaalamu asiye mkazi, na Tanzania vilevile. Dai cheti cha kodi iliyokatwa, kisha safari ijayo iingize kwenye bei. Ukitaka dola 1,000 mkononi, gawanya kwa 0.85: andika 1,176.47. Barua ya makubaliano itaje wazi nani anaubeba mzigo huo.

Mzee wa Moi Avenue: Kuna jamaa Dubai ananiletea wateja. Nimpe 10% ya ada?
– Si wakili? Basi hapana. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mawakili.

Mzee wa Moi Avenue: Kila mtu anafanya.
– Basi usiniulize mimi.

Kijana wa Mombasa: Nikitaka kusajiliwa kule Uingereza kabisa, naanzia wapi?
– Swali zuri. Mtihani ni SQE, ule wa kufuzu uwakili kule. Sehemu ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu, karatasi mbili za 180. Wewe tayari ni wakili, kwa hiyo ile miaka miwili ya mafunzo kazini hudaiwi. Ukiwa na uzoefu wa kutosha, omba pia msamaha wa sehemu ya pili kabla hujailipia.

Dada Wakili: Nyongeza kuhusu saa. Nairobi iko mbele ya London kwa saa mbili kiangazi na tatu baridi, kwa hiyo miadi andika "15:00, Nairobi". Na Mkenya wa ng'ambo akikuandikia "tupigiane saa tisa", muulize ni saa tisa ya Kiswahili au ya simu yake.