Unasoma LL.B? Panga miaka yako kuanzia mwisho kurudi nyuma

Wadogo zangu mnaosoma sheria, wa Mlimani, Mzumbe, SAUT, Iringa, Chuo Huria, popote mlipo, leo tuongee kuhusu mpango. Kusema "nataka kuwa wakili mkubwa" ni ndoto, na ni ndoto nzuri tu, ila haina tarehe. Mi naongelea karatasi moja, umeiandika kwa mkono wako, ina tarehe, na kila semista ikiisha unaitoa unaikagua.

Kwanza ujue njia yenyewe ilivyo, maana wengi wanaijua nusu nusu mpaka mwaka wa mwisho. LL.B, yaani shahada ya kwanza ya sheria, peke yake haikufanyi wakili. Ukimaliza chuo kuna Law School, shule ya mafunzo ya sheria kwa vitendo, pale barabara ya Sam Nujoma Dar, imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ukipita hapo unaomba usajili kupitia Baraza la Elimu ya Sheria, halafu ndo unakuja kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Na usidhani ukiukwepa uwakili umeikwepa Law School, matangazo ya hakimu mkazi na wakili wa serikali nayo yanataka cheti cha hapo. Matokeo ya Law School ya 2022 mnayakumbuka, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, waliobaki ni sapu (kurudia mitihani) na disko (kuondolewa masomoni), mpaka waziri akaunda kamati. Watu wakabishana weee kosa la nani, vyuo au shule. Mi nnachokiona ni kwamba pale unaambiwa ufanye: andaa hati ya madai, andaa kiapo, simama uhoji shahidi. Sasa kama miaka yote chuoni umekariri notsi za waliokutangulia, utaanza kujifunza kuandika saa ngapi? Ndo maana nasema anzia huko mwisho, urudi nyuma mpaka ulipo leo.

Karatasi yako ianze na swali moja, je, nataka siku yangu ya kazi iweje? Acha cheo, fikiria siku nzima. Kuna mtu anapenda kusimama mahakamani na kubishana, kuna anayependa kukaa ofisini na mkataba wa kurasa 60 akitafuta kifungu chenye shida, kuna wa benki, kuna wa haki za binadamu, kuna wa kufundisha. Hizo ni kazi tofauti kabisa na maandalizi yake tofauti. Ukitaka kufundisha, GPA ndo kila kitu, vyuo vikuu vinataka angalau 3.8 ili uanze kama mkufunzi msaidizi, kwa hiyo hilo ni la kujua mwaka wa kwanza, mwaka wa nne hesabu zimeshagoma. Ukitaka kesi, GPA ya kawaida yenye mazoezi mengi itakubeba.

Hujui unataka nini? Nenda kaangalie. Mahakama nyingi zinasikiliza kesi hadharani, mwanafunzi wa Dar anaingia mahakama ya Kisutu asubuhi, anavaa vizuri, anazima simu, anakaa nyuma kimya. Wa Arusha ndo mna bahati, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na ile ya Afrika Mashariki zote makao yake yako hapo. Na msiidharau Mahakama ya Mwanzo, pale utaona mirathi, talaka, madeni, yaani matatizo ambayo ndo yatakulipa kodi ya ofisi siku za mwanzo.

Mwaka wa kwanza na wa pili weka nguvu kwenye vitu viwili, kusoma kesi na kuandika. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zimo. Usisome muhtasari wa mtu, soma hukumu nzima. Chukua kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vya umri wa msichana kuolewa, soma ya Mahakama Kuu ya 2016, kisha soma ya Mahakama ya Rufani ya 2019 iliyokubaliana nayo, halafu andika kurasa mbili: ukweli wa kesi, hoja zilizobishaniwa, mahakama imesema nini na kwa nini. Fanya hivyo kila wiki mbili uone semista ikiisha umekuwa mtu gani. Na uandike kwa lugha zote mbili, tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama, lakini vitabu na hukumu nyingi bado ni Kiingereza, kwa hiyo anayemudu zote ana soko. Muti koti nayo, yale mashindano ya kesi za kuigiza, jiunge, hata kama unatetemeka ukisimama mbele za watu.

Kwenye karatasi usiandike "niboreshe uandishi". Andika hivi: "kabla ya likizo niwe na opinioni (maoni ya kisheria) tatu za kurasa mbili, na mtu wa mwaka wa nne au lekcha awe amezisoma akanirekebisha." Hilo unaweza kulikagua, limefanyika au halijafanyika.

Fildi sasa, yaani mafunzo kazini. Hapa ndo wengi wanapoteza, wanaomba mwezi mmoja kabla, wanaangukia popote, wanaishia kutoa fotokopi. Barua zianze kutoka miezi minne mitano kabla, na uchague kulingana na lile jibu la siku yako ya kazi. Ukiwa pale omba kazi yenyewe, mwambie wakili "naomba nijaribu kudrafti notisi ya madai, halafu unisahihishe." Kila jioni andika umefanya nini, ila majina ya wateja na siri zao usiyaandike kamwe, hiyo tabia anza nayo mapema. Vituo vya msaada wa kisheria pia ni shule kubwa, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) ni mfano, pale utakutana na mama ambaye hajui hata aanzie wapi na itabidi umweleze sheria kwa maneno ambayo ataondoka ameelewa.

Kupata mtu wa kukushika mkono, usimtumie "naomba uwe mentor wangu", anaogopa mzigo. Tuma kitu kidogo: "Shikamoo wakili, mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa pili, nilikuona mahakamani wiki iliyopita kwenye pingamizi la awali, naomba dakika kumi siku ukiwa na nafasi nikuulize ulivyojiandaa." Akikujibu, nenda na maswali yameandikwa, na baada ya hapo mrudie umwambie ulichofanyia kazi. Wengi hawarudi, ndo maana anayerudi anakumbukwa.

Hela usiisahau kwenye mpango. Law School ina ada, na kuishi Dar kuna gharama zake, fuatilia mwongozo wa Bodi ya Mikopo maana mikopo ya Law School ipo, na bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) likitoka weka kitu pembeni hata kama ni kidogo. Na mitandaoni chunga unachoandika, siku ya kuomba usajili mwenendo wako unaulizwa.

Ukiingia mwaka wa mwisho sivii iwe kurasa mbili basi, na wale unaowaweka kama rifarii wapigie kwanza uwaombe, wasikie kutoka kwako kabla hawajapigiwa na mwajiri.