Somo: ukaguzi wa majengo kwa anayeanza, haswa sisi wa Mombasa

Salaam jamani. Wengi mwaniuliza kazi ya usaveya wa majengo waanzia wapi. Kwanza tuelewane, huyu si yule sveya wa kupima mipaka ya shamba, wala si yule wa kukadiria gharama ya saruji na kokoto. Huyu aangalia nyumba ishasimama: ina kasoro gani, imeletwa na nini, itengenezwe vipi.

HATUA 1: Vifaa. Daftari, penseli, tepu, tochi, pimamaji, timazi, nyundo ndogo na simu ya kupiga picha. Yatosha kabisa.

HATUA 2: Zunguka nje kabla hujaingia ndani, na uanze juu ushuke chini. Paa, gata, mabomba ya mvua, kuta, mpaka pale ukuta unapokutana na ardhi. Ukuta unaopigwa na upepo wa kusi uangalie mara mbili, maana mvua ya masika huja na upepo ikaingia kwa ubavu. Ukikuta paa la asbesto la zamani usilitoboe wala usilikate, vumbi lake laua mapafu, andika tu kwamba lipo.

HATUA 3: Fuata maji. Hapa ndio kazi yenyewe. Rangi ikibambuka chini ya ukuta, doa likapanda kama mita moja hivi kisha likaacha, na kuna unga mweupe wa chumvi, shuku maji yanayopanda kutoka ardhini. Doa likiwa juu karibu na dirisha au paa, hio ni mvua. Likiwa kwa dari chini ya choo cha jirani, funga valvu ya maji ya huko juu siku kadhaa, wao watumie maji ya ndoo, uone kama lakauka, lisipokauka angalia bomba la maji machafu au sakafu ya bafu. Sasa zile nyumba za Mji wa Kale, mawe ya matumbawe na chokaa na boriti za mikoko, ukuta wake wapumua. Mtu akija na plasta ya saruji afunike kila kitu, unyevu wakosa pa kutokea, baada ya muda plasta yaanguka na vipande vya jiwe nyuma yake. Naliona hili sana na laniuma, kwa sababu chokaa ingali yapatikana na mafundi wake wapo.

HATUA 4: Nyufa. Usiandike "ukuta una ufa" ukaenda zako. Andika upana wake kwa milimita, waanzia wapi waishia wapi, wapanuka juu au chini, umetokea upande wa pili ama ni plasta tu. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe, urudi baada ya miezi. Ufa uliotulia na ufa unaotembea ni mambo mawili tofauti.

HATUA 5: Zege. Chumvi ya baharini ikifikia vyuma vilivyo ndani ya zege, vyapata kutu, kutu yachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi zege lasukumwa nje. Utaona mstari wa hudhurungi chini ya bimu, sambamba na chuma kilicho ndani. Gonga na nyundo taratibu: pazima palia kwa mlio mkali, palipoachana palia uvungu. Mchanga wa ufuoni usiooshwa huleta shida hii hata mbali na bahari.

HATUA 6: Ripoti. Ulichoona, unachodhani ndio sababu, na la kufanya, kila kimoja mahali pake. Mkichanganya hivi vitatu mteja atalipia dhana.

MASWALI

Swali: Shekhe, mimi ni fundi wa uashi Likoni, sina diploma. Naweza?
Jibu: Kujifunza waweza, na jicho la fundi ni mtaji mkubwa. Lakini kusaini ripoti kama sveya rasmi kuna masharti ya elimu na usajili, waulize Institution of Surveyors of Kenya, chama cha masveya. Kwa masomo ya ujenzi hapa mjini kuna Technical University of Mombasa. Kwa sasa tafuta sveya umbebee ngazi umsikilize.

Swali: Ile mashine ya kupima unyevu ninunue?
Jibu: Baadaye dadangu. Zile za kuchoma pini mbili zinadanganywa na chumvi, ukuta mkavu wenye chumvi utasoma kama umeloa, na kuta zetu unazijua.

Swali: Nguzo ya chini imepasuka, vyuma vyaonekana, landilodi ataka tupige plasta.
Jibu: Hapana ndugu yangu. Plasta itaficha tu, kutu itaendelea ndani. Piga picha, mwandikie landilodi kwa maandishi, na aitwe injinia wa majengo haraka aione. Kabla hajafika msikae karibu na nguzo hio wala msiweke tangi la maji juu ya slabu inayobebwa nayo, na likiwepo litoeni maji.