Kuilinda Nyumba na Wezi: Anzia Uani

Mtu anayejenga Unguja au Pemba huwa radhi kukopa ili mlango wake wa mbele uwe wa mvule au msaji uliochongwa, ilhali ule wa uani huuachia mbao nyepesi na komeo la kupigilia misumari. Mwizi hana haja ya kupita barazani, ambako wazee wamekaa wanacheza bao. Hupita uchochoroni akaingilia jikoni. Kwa hiyo ukaguzi wa nyumba uanzie nyuma. Ifunge nyumba yako jioni kana kwamba unasafiri, izunguke, na ujiulize ungeingilia wapi iwapo ungepoteza ufunguo. Jawabu la kwanza litakalokujia ndilo la kushughulikiwa kwanza, liwe ni mwembe uliolala juu ya bati, ngazi ya fundi iliyosahauliwa ukutani au ufunguo unaofichwa chini ya chungu cha mrihani.

Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kinachoachia si ubao wake bali ni fremu, pale penye kibati kinachopokea ulimi wa kitasa. Skrubu za kibati hicho kwa kawaida ni fupi na zinashika mbao peke yake. Mwambie fundi atoboe fremu mpaka ukutani, atie plagi na skrubu za inchi 3 au zaidi, na afanye hivyo hivyo kwenye bawaba. Usiku, kwa ndani, hakuna kifaa kinachoshinda pingo, yaani boriti au bomba la chuma linalokaa katika vishikio vilivyochimbiwa ukutani pande zote mbili. Wazee wetu walifunga hivyo, pamoja na riza na tumbuu (mnyororo wa mlango na pete ya chuma inayoupokea), na gharama yake ni ndogo kuliko ya kitasa kizuri. Anayeishi Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, asiubadilishe mlango wa kale kabla ya kupata idhini ya mamlaka ya uhifadhi. Pingo la ndani litamtosha. Na mpangaji anayehamia nyumba yoyote abadilishe silinda ya kitasa siku ya kwanza, kwa kuwa hajui funguo ngapi zimebaki kwa waliomtangulia.

Madirisha yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hewa ya bahari hula chuma polepole chini ya rangi. Chukua bisibisi na udunge kitako cha kila nondo, pale maji ya mvua yanapotuama. Nilipofanya hivyo nyumbani kwangu, nondo mbili za dirisha la jikoni, ambazo rangi yake ilikuwa bado inang'aa, zilinitoka mkononi. Ndani zilikuwa zimekwisha kuwa unga mwekundu. Nondo mpya zichimbiwe ukutani, zisifungwe kwa skrubu kwenye fremu ya mbao, na zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mapambo. Hata hivyo, dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani kwa kufuli, na ufunguo wake utundikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua lakini mkono wa mtu wa nje haupafikii. Moto ukizuka jikoni, nondo zisizofunguka huwafungia wenye nyumba ndani.

Wakati wa joto la kaskazi, watu hulala madirisha wazi, na hapo ndipo mwizi wa upondo anapofanya kazi: hupenyeza kijiti chenye ndoana baina ya nondo, akavuta suruali iliyotundikwa au simu inayochajiwa dirishani. Wavu wa chuma unamzuia, lakini kuisogeza simu hakugharimu chochote.

Taa ya nje ni bora iwe ya sola yenye kuwaka inapohisi mtu. Umeme hukatika, na Unguja iliwahi kukaa gizani takriban miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Aidha, yuniti za Tukuza, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, zinaweza kukwisha nawe uko safarini.

Nyumba huingiliwa zaidi inapojulikana kuwa tupu. Wakati wa tarawehe au harusi, abaki mtu mmoja nyumbani, au jirani aombwe waziwazi kutupia macho uani. Kwa wenzetu wa Pemba, msimu wa karafuu una hatari yake, kwa kuwa majamvi yakishaanuliwa na magunia kupelekwa kuuzwa, mtaa mzima unajua nani amepokea fedha siku hiyo. Zipelekwe benki au ziwekwe kwenye simu siku hiyo hiyo, kwani mchagoni ndipo mwizi anapoanzia kupekua. Ukimwona mgeni anayeulizia nyumba za watu bila ya sababu inayoeleweka, mpe habari sheha, ambaye kazi yake ni kuwajua wakaazi wa shehia yake.

Ukirudi ukakuta mlango umevunjwa, usiingie, maana mwizi huenda bado yumo. Kaa kwa jirani, piga 112, na usiruhusu mtu kugusa kitu wala kufagia mpaka polisi wafike. Watakuuliza namba za utambulisho wa simu zilizoibiwa, ambazo huonekana ukibonyeza *#06#. Ziandike leo kwenye daftari, pamoja na namba za televisheni na pikipiki, na daftari hilo liwekwe kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine.