Kupoza kompyuta ya mezani kabla ya kuiovakloki

Ukiovakloki prosesa, yaani kuiendesha kwa kasi zaidi ya ile ya kiwandani, kinacholeta joto zaidi si megahezi bali volteji. Ulaji wa umeme hupanda sawia na kasi, ila kwa upande wa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka volti 1.20 hadi 1.35 peke yake kunaongeza joto kwa takriban 27%, hata kama kasi haijaguswa. Ndiyo maana kazi ya kupoza hufanywa kwanza, BIOS (menyu ya mipangilio ya msingi ya mashine) baadaye.

Mfano wetu ni Ryzen 5 5600X, prosesa ya AMD ambayo kiwandani imewekewa kikomo cha wati 76 na nyuzi 95. Kabla ya kununua chochote angalia chipseti ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta): za B450, B550 na X570 zinaruhusu kuovakloki, za A320 na A520 haziruhusu. Na ujue kwamba dhamana ya AMD haigharamii uharibifu unaotokana na ovakloki.

Anza kwa kupima. Weka kipimajoto cha chumba mbele ya kasha, pale feni zinapovuta hewa, maana ukutani kinaweza kusoma tofauti. Fungua HWiNFO64, programu ya kusoma vipimo vya joto, endesha Cinebench R23, inayoipa prosesa mzigo kamili, kwa dakika 10, kisha soma mstari wa Tctl/Tdie, yaani joto la prosesa. Chumba kikiwa nyuzi 31 na prosesa 82, tofauti yako ni 51, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi. Kipoza cha hewa hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachoweza ni kupunguza hiyo tofauti tu. Mashine ile ile ikiwa Arusha mwezi Julai, chumba nyuzi 19, itasoma kama 70. Kwa hiyo usinakili mipangilio ya mtu aliyepima kwenye baridi ya Ulaya halafu ukaiweka kwenye chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kisicho na kiyoyozi. Lenga prosesa isivuke nyuzi 85 ikiwa na mzigo kamili, saa nane mchana, siku ya joto kali.

Sasa toa ubavu wa kasha, rudia kipimo kile kile. Joto likishuka kwa zaidi ya nyuzi 5, kasha halipumui. Lisiposhuka, tatizo liko kwenye kipoza au pesti (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza ili kupitisha joto). Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinakuepusha kununua kifaa usichokihitaji.

Kasha lisilopumua linahitaji feni mbili za milimita 120 mbele zikiingiza hewa, na moja nyuma ikitoa. Upande wa feni wenye vishikizo vya mota ndiko hewa inakotokea. Acha angalau sentimita 10 kati ya mgongo wa kasha na ukuta, na usiifungie mashine ndani ya kabati la meza. Weka chujio mbele na ulioshe kila mwezi. Barabara ya vumbi ikipita karibu, kila wiki mbili. Unapopuliza vumbi kwa bloa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani yakizungushwa kwa nguvu huharibu beringi.

Kipoza kinachokuja na 5600X kinatosha kwa kasi ya kiwandani, si zaidi. Tafuta cha mnara chenye mirija ya shaba minne au zaidi na feni ya milimita 120. Vingi vina urefu wa milimita 155 hadi 160, basi pima nafasi kutoka kwenye prosesa hadi ubavu wa kasha kabla hujalipa. Kwa prosesa hii ya kori sita, kipoza cha maji si lazima; pesa hiyo inafaa zaidi kwenye feni nzuri. Ukikitumia, pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, maana hewa hujikusanya huko.

Kutoa kipoza cha zamani ndipo wengi wanapoharibu prosesa. Soketi ya AM4, ambamo prosesa hii hukaa, hushika pini tu, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoza, pini zikapinda. Ipe mashine mzigo kwa dakika 10 ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia taratibu hadi kiachie. Hapo ndipo unyanyue.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya 90% au zaidi. Weka tone jipya la ukubwa wa punje ya njegere katikati. Bandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoza kipya (husahaulika mara nyingi mno!), kaza skrubu nusu mzunguko kwa zamu, na chomeka feni kwenye tundu la mazabodi lililoandikwa CPU_FAN. Ukipima tena, joto likiruka hadi 90 ndani ya sekunde chache na kuporomoka mara mzigo unapoisha, kipoza hakijakaa sawasawa. Likipanda polepole dakika nzima nzima, hewa moto inazunguka ndani ya kasha.

Feni ya kupoza kwa maji, ile ya kumwaga unyevu chumbani, usiielekeze kwenye kasha. Kiyoyozi ni halali kabisa: chumba kikishuka nyuzi 6, prosesa nayo hushuka karibu hivyo hivyo.

Kwenye BIOS fungua PBO, mfumo wa AMD wa kuovakloki prosesa. Pandisha PPT, yaani kikomo cha wati, kutoka 76 hadi 90, pima dakika 10, kisha 100, halafu 110, ukisimama pale nyuzi 85 zinapokaribia. Weka Curve Optimizer hasi 10 kwa kori zote, inayopunguza volteji na joto kwa pamoja. Feni ya prosesa iende 40% kwenye nyuzi 50, 70% kwenye 70, na 100% kwenye 80. Maliza kwa OCCT, programu ya kupima uthabiti wa mashine, saa nzima. Mashine ikijizima na kuwaka ikiwa haina kazi, hasi imezidi, rudi hasi 5. Ikigoma kuwaka kabisa, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwenye mazabodi kwa dakika 5, irudishe, na BIOS itaanza upya na mipangilio ya kiwandani.